Siku Waache Waseme Ilipokamatwa

Kijijini Saapare, ukisikia pikipiki ya matairi matatu ikinguruma asubuhi na mapema, huna haja ya kuuliza ni nani. Ni Emerensia, mke wa Dery mpiga marimba.

Wanaume wenye pikipiki za mizigo walikuwa wengi. Mwanamke alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyo. Alipoanza kuendesha, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwanamke na mashine ile? Ataitia mtaroni!" Emerensia alikwenda mjini, akajifunza, akafanya mtihani, akapata leseni. Kisha akamwita fundi rangi amwandikie nyuma ya pikipiki, kwa herufi nyekundu: WAACHE WASEME. Tangu siku hiyo pikipiki ikapata jina, na watu wakaiita kwa jina hilo.

Basi wiki ile Emerensia hakushikika kwa furaha. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Kakube. Mavuno yameingia ghalani, na Wadagara wa kila kijiji wanakwenda mjini kucheza na kushukuru. Panapochezwa ngoma panataka pito, na pito, pombe ya mtama, ndiyo kazi ya Emerensia. Kwa miaka tisa aliomba nafasi ya kuuzia karibu na uwanja. Kwa miaka tisa kamati ya akina mama ilimwambia, "Mwakani." Mwaka huu walimwambia, "Njoo."

Alitoa magunia mawili ya mtama, akauotesha, akausaga. Jumatano akaanza kuchemsha. Alhamisi atachemsha tena. Ijumaa jioni atatia chachu, na Jumamosi asubuhi pito itakuwa tayari, inatoa povu.

"Ikifika Jumatatu ni siki," alisema mama mkwe wake, Bi Pogsaa. "Na siki hainywi mtu mwenye akili zake."

"Haitafika Jumatatu, mama. Jumamosi itaisha yote."

"Mungu akusikie, mke wangu." Bi Pogsaa alimwita hivyo siku zote, kwa kuwa mke wa mtoto ni mke wa nyumba nzima.

Alhamisi asubuhi Emerensia alipakia vyungu sita vitupu, mabenchi mawili na turubai. Alitaka kuvipeleka uwanjani mapema. Dery alibaki na moto.

"Dery, moto usizime."

"Nimeoa mpika pombe miaka kumi na minane, leo unanifundisha moto?"

"Ndiyo. Wewe ukishika marimba unasahau hata jina lako."

Alipogeuka, alimkuta Bi Pogsaa amesimama kando ya pikipiki. Amevaa nguo yake ya kanisani, fimbo mkononi. Nyuma yake wanawake watatu majirani, nao wamependeza.

"Nami naenda," alisema Bi Pogsaa. "Nataka kuiona hiyo nafasi kwa macho yangu."

Emerensia alisita. Alikuwa amesikia redioni kwamba pikipiki ya mizigo haibebi watu. Lakini mama wa mume unamwambiaje hapana? Kwao, ukimnyima kiti mama mkwe, umemnyima mumeo. Akasogeza vyungu. Wanawake wanne wakapanda juu ya mabenchi, katikati ya vyungu, wakaanza kuimba. Waliimba njia nzima.

Pale barabara inapoingia mjini, polisi walikuwa wameweka kizuizi. Koplo mmoja wa kike aliinua mkono.

"Habari za asubuhi, mama. Zima injini. Leseni?"

Emerensia aliitoa haraka, tena kwa maringo. Koplo akaitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Nzuri. Bima?"

Emerensia akampa. Koplo alisoma, akasoma tena.

"Mama, bima hii imekwisha siku tisa zilizopita."

"Haiwezekani!"

"Tarehe hii hapa. Na hii pikipiki ina kiti kimoja. Mimi nahesabu watu watano."

Bi Pogsaa aliinuka kutoka kwenye benchi. "Sisi si watu, binti yangu. Sisi ni mzigo."

"Mzigo hauimbi, mama," alisema koplo. "Nimewasikia tangu kule darajani."

Hapo hata wanawake wenyewe walicheka. Lakini koplo hakubadili neno. Aliwaomba washuke. Akaandika kwenye karatasi kila kitu kilichokuwa kwenye pikipiki, akampa Emerensia nakala.

"Itunze karatasi hii. Pikipiki inakwenda kituoni. Nawe fika kituoni leo hii hii, usingoje kesho."

Bi Pogsaa alikuwa ameshuka kwa hasira, hata ndara yake ya kushoto ikanasa chini ya chungu. Kabla hajaikumbuka, pikipiki ilikwisha ondoka na askari mwingine.

"Ndara yangu!" alipiga kelele. "Jamani, wamekamata na ndara yangu!"

Majirani watatu walitazamana. "Waache Waseme imekamatwa," alisema mmoja. "Sasa tuseme au tuache?" Wakaenda zao sokoni wakicheka.

Emerensia hakucheka. Pito iko motoni, magunia mawili mazima. Pikipiki nyingine zote za wilaya zilikwisha kodiwa kwa ajili ya sikukuu. Kama Waache Waseme haitoki kabla ya Jumamosi asubuhi, pito haifiki mjini, na nafasi aliyoingoja miaka tisa atapewa mwingine. Akamshika mama mkwe mkono, wakaenda kituoni kwa miguu. Bi Pogsaa alichechemea, mguu mmoja una ndara, mwingine mtupu.

Kaunta ya kituo ilikuwa na sajini mnene, mwenye macho ya ucheshi. Kifuani palikuwa na jina: AKOLGO. Bi Pogsaa hakujua kusoma, lakini askari mwingine alipita akiita, "Sajini Akolgo, simu yako!" Bibi aliposikia jina lile, uso ulimng'aa.

"Akolgo?" alimnong'oneza Emerensia. "Huyo ni Mfrafra! Mke wangu, tumepona!"

Wadagara na Wafrafra ni watani tangu mababu. Mtani humtukana mtani na hakuna wa kununa. Msibani mtani anaweza kumnyang'anya mfiwa hata kiti, na watu wacheke. Na ugomvi wao mkubwa ni mmoja: mbwa akipikwa, kichwa ni cha nani.

Bi Pogsaa aliigonga kaunta kwa fimbo. "Wewe Mfrafra! Nani alikupa sare? Uliiba kwenye kamba ya kuanikia?"

Sajini aliinua macho. Akamtazama bibi kutoka kitambaa cha kichwani mpaka kwenye mguu mtupu. Akatabasamu polepole.

"Loo! Leo Wadagara wameanza kuvaa ndara? Wameanza na mguu mmoja, mwakani watavaa wa pili."

"Funga mdomo! Sisi ndio tuliowafundisha ninyi kuwasha moto. Kabla ya hapo mlikula vichwa vya mbwa vibichi!"

"Na ninyi vilivyopikwa mlikuja kuiba usiku!"

Kituo kizima kilicheka. Askari walitoka vyumbani kuja kusikiliza. Mtu mmoja aliyekuja kuripoti mbuzi aliyepotea alisahau habari ya mbuzi. Emerensia naye alijikuta anacheka, machozi yanamtoka, na tumaini likamrudia.

"Haya basi, mtani," alisema Bi Pogsaa akinyoosha kiganja. "Tumecheka. Lete ufunguo wa pikipiki yetu, tuna pombe motoni."

Sajini Akolgo aliutazama ufunguo uliotundikwa ukutani nyuma yake. Kisha akamtazama bibi. Kicheko kilikuwa bado usoni, lakini mkono haukusogea.

"Bibi, ukinitania mimi, nitakujibu mpaka jua lizame. Ufunguo ule si wangu. Ni wa kesi."

"Yaani unatunyima? Watani wako?"

"Hata mama yangu mzazi angekuwa anaendesha, ningemnyima. Kaeni pale, nimalize na huyu wa mbuzi, kisha nitawaeleza la kufanya."

Bi Pogsaa alifura. "Twende nje! Mtani gani huyu?" Akatoka anachechemea, na Emerensia akamfuata.

Nje, chini ya kibanda cha mwuza chai, mwanamume mwenye miwani myeusi aliwasogelea. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Poleni, mama zangu. Pikipiki, siyo? Mkifuata njia yao mtakaa mwezi mzima. Mimi nina mtu wangu ndani. Mnipe kitu kidogo, kesho inatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna mahakama, hakuna maswali."

Emerensia alimeza mate. Kesho! Mkono wake ulikwisha ingia kwenye kifundo cha nguo alimofunga fedha. Alijua si vizuri. Lakini pito nayo haijui vizuri wala vibaya, inajua siku tu.

"Huyo mtu wako wa ndani anaitwa nani?" aliuliza Bi Pogsaa.

"Sajini Akolgo. Rafiki yangu sana, tunakula sahani moja."

"Ni wa kabila gani?"

"Mdagara mwenzenu, mama! Ndiyo maana nataka kuwasaidia."

Bi Pogsaa akainua fimbo.

"Mdagara? Akolgo Mdagara? Mwongo mkubwa wee! Kama ni Mdagara, basi mimi ni askofu! Toka hapa!"

Yule mtu alikimbia na miwani ikamdondoka. Mwuza chai alicheka akaiokota. "Kila siku anawala watu huyo," alisema. "Mlango wa nyuma wenyewe hakuna. Nyuma ni choo."

Emerensia alikuwa amebakiza kidogo tu kumpa fedha zake zote. "Mama," alisema, "turudi ndani."

Sajini Akolgo alikuwa amemaliza habari ya mbuzi. Alivuta viti viwili, akachukua karatasi na kalamu.

"Mama Emerensia, sikiliza. Kwanza ujue kosa lako, ndipo ujue njia. Kule nyuma ya pikipiki hakuna kiti na hakuna cha kushika. Tairi likiingia shimoni, vyungu vitaanguka, na watu wataangukia vigae. Na bima je? Leo ukimgonga mtoto wa mtu, nani atalipa hospitali? Bima ndiyo inayolipa. Sasa wewe huna."

"Sikuiangalia tarehe," alisema Emerensia kwa unyonge.

"Wengi hawaiangalii. Sasa njia ni hii. Leo nenda ofisi ya bima, ukate upya. Wanafunga saa kumi, basi harakisha. Kesho Ijumaa hakimu anakaa. Nitapeleka faili lako asubuhi. Utasomewa kosa. Kama huoni kosa lako, una haki ya kusema hivyo, na utasikilizwa. Kama unaliona, sema kweli. Ukitozwa faini, lipa kwa karani wa mahakama, papo hapo mahakamani, upewe risiti. Kisha watakupa barua ya kuiachilia pikipiki. Niletee hapa barua, risiti, bima mpya, leseni na kadi ya umiliki. Mtu yeyote akikudai fedha bila risiti, hata akiwa mimi, mwulize risiti iko wapi."

"Kesho hiyo hiyo itatoka?"

"Karatasi zikitimia, itatoka. Kadi ya umiliki ina jina lako?"

Emerensia aliinamisha kichwa. "Ina jina la kaka yangu Severin. Yuko Kumasi. Alinipa pikipiki hii miaka minne iliyopita."

"Na hamkubadilisha jina?"

"Kati ya ndugu, karatasi ya nini?"

"Haya ndiyo makosa yetu sisi watu wa huku," alisema sajini. "Mtu anakupa ng'ombe, unaita mashahidi watatu. Anakupa pikipiki, mnaangaliana tu. Mpigie simu. Aandike barua kwamba amekuruhusu kuichukua, atie sahihi, na nakala ya kitambulisho chake. Halafu baada ya sikukuu mkabadilishe jina."

Emerensia alimpigia kaka yake pale pale.

"Miaka minne nakwambia tukabadilishe jina!" sauti ya Severin ilitoka kwenye simu, kila mtu akaisikia.

"Najua, kaka. Nikemee kesho. Leo andika."

Severin aliandika. Barua akaipeleka kwenye basi linalokuja kaskazini, ndani ya bahasha iliyofungwa, akampa dereva anayemfahamu. Emerensia na mama mkwe walikimbia mpaka ofisi ya bima, wakafika karani anataka kufunga dirisha. Bi Pogsaa aliingiza fimbo dirishani lisifungwe. Bima ikakatwa.

Walilala mjini, na Ijumaa asubuhi walikuwa kwenye kituo cha mabasi kabla basi halijasimama. Bahasha iliposhuka, Emerensia aliikumbatia. Kutoka hapo wakaenda mahakamani.

Watu walikuwa wengi. Kesi za barabarani peke yake zilijaza benchi tatu. Saa tatu ikapita, na saa sita, na saa nane. Kila jina lilipoitwa Emerensia alisimama nusu, akaketi tena. Mwishowe, saa tisa, aliitwa.

Hakimu alikuwa mama wa makamo. Karani alisoma makosa mawili.

"Emerensia Ziem, ni kweli au si kweli?"

Emerensia alisema wazi. "Ni kweli, mheshimiwa. Bima ilikwisha, sikuangalia tarehe. Sasa nimekata mpya, hii hapa. Na watu niliwapakia. Mmoja ni mama mkwe wangu. Yule pale, mwenye ndara moja."

Watu wakageuka. Bi Pogsaa akauficha mguu wake chini ya benchi. Hakimu mwenyewe aliinamia karatasi zake kuficha tabasamu.

"Kama unampenda mama mkwe wako, mpe nauli ya basi," alisema. "Kwa kuwa umesema kweli na bima umekata, nakutoza faini ndogo. Lakini ukirudi hapa kwa kosa hili hili, sitakuwa mpole."

Emerensia alipiga goti na kushukuru. Akakimbilia dirisha la karani. Mbele yake palikuwa na watu kumi na mmoja. Hapo simu ikalia. Ni Dery.

"Pito imepoa vizuri kabisa. Nitie chachu?"

Emerensia aliutazama ule mstari. Saa ilikuwa kumi kasoro robo. Chachu ikiingia, hakuna kurudi nyuma. Kama pikipiki haitatoka leo, pito itachachuka pale pale uani, na watakunywa wenyewe mpaka wachoke, kisha waimwage iliyobaki.

"Eme? Unanisikia? Nitie au nisitie?"

"Tia!" alisema, mpaka watu kwenye mstari wakashtuka. "Tia, Dery! Naileta!"

Alilipa. Akapata risiti. Akapata barua yenye muhuri. Wakatoka mbio, yeye na mama mkwe, na Bi Pogsaa sasa alikuwa amevua hata ndara ile moja ili aende kasi zaidi. Watu wa njiani waliwapisha.

Sajini Akolgo alipokea karatasi moja moja, akazipanga juu ya kaunta. "Barua ya mahakama. Risiti. Bima. Leseni. Kadi. Barua ya kaka na nakala ya kitambulisho." Akazihesabu tena kwa kidole. "Zimetimia. Lakini usitie sahihi bado, mtani. Njoo kwanza ukague mali yako."

Uani, Waache Waseme ilikuwa imesimama pembeni, ina vumbi. Sajini alishika nakala yake, Emerensia akashika yake.

"Vyungu vitupu, sita."

"Vipo."

"Mabenchi mawili, turubai moja."

"Vipo."

"Tairi la akiba. Pampu."

"Vipo."

"Ndara moja, ya mguu wa kushoto, ya kike, imechakaa."

"Imechakaa?" Bi Pogsaa aliinyakua. "Nani aliandika imechakaa? Mfrafra tu ndiye awezaye kuandika hivyo!"

Emerensia alitia sahihi. Akapanda, akapiga teke la kwanza, injini ikakohoa. Teke la pili, ikawaka. Hakuweza kujizuia, alilia kwa furaha, akaupigapiga usukani kwa kiganja kama anayempongeza punda wake.

Bi Pogsaa, kwa mazoea, aliweka mguu juu ya bodi ya nyuma.

"Mama..." alisema Emerensia. Hajawahi kumkataza mama mkwe kitu chochote maishani mwake. Lakini safari hii alimaliza. "Mama, huko nyuma hapana. Naomba unisamehe. Nitakulipia basi."

Sajini alijifanya anasoma. Bi Pogsaa aliutazama ule mguu wake uliokuwa juu ya bodi, wenye ndara iliyochakaa. Akaushusha.

"Mke wangu," alisema, "mimi nilikuwa nangoja uniambie tangu jana. Mzigo haupandi basi. Mimi leo napanda."

Jumamosi palipopambazuka, Saapare nzima ilinukia pito. Vyungu vyote vilikuwa vimejaa, vimefunikwa, vimefungwa kwa kamba. Majirani watatu walikuja wamependeza, mikono tayari kupanda. Walimkuta Bi Pogsaa amesimama nyuma ya pikipiki na fimbo yake.

"Wapi?" aliuliza.

"Mjini, bibi. Kakube!"

"Kwa hii? Nani kasema? Ina kiti kimoja, cha dereva. Mnataka niende tena mahakamani mimi, mguu mtupu? Basi dogo la mjini linangoja pale shuleni. Haya, nyuma geuka!"

Waligeuka, wakinung'unika na kucheka. Bi Pogsaa akawafuata, akapanda basi kama malkia.

Uwanjani, marimba za Dery zilianza kulia saa nne. Vumbi la wachezaji likapanda juu. Na kando yao, mahali pale pale alipopaota miaka tisa, Emerensia alikuwa anachota pito bila kupumzika. Kwao mwuzaji huonja kwanza, mteja ajue haina sumu. Lakini Emerensia hakuonja.

"Leo naendesha," aliwaambia wateja. "Mwonjaji ni mama." Na Bi Pogsaa, ameketi kitini, alionja kwa moyo wote.

Alasiri akaja mtu mnene mwenye joho la kufumwa, yuko kwenye pikipiki yake mwenyewe, kofia ngumu kichwani. Ni Sajini Akolgo, hayuko zamu.

"Nipe pito, mla mbwa!" alisema. "Lakini aonje kwanza huyu bibi. Siamini Mdagara."

Alionjewa, akanywa kibuyu kimoja, akalipa kama wengine. Akanywa cha pili, akalipa. Akasifu. Akanywa cha tatu. Alitukanana na Bi Pogsaa mpaka wachezaji wakaacha ngoma kuwasikiliza. Jua lilipoanza kuelemea, alisimama, akajinyoosha.

"Haya, watani. Naondoka." Akatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Akatafuta mfuko wa pili. Akatazama chini.

"Unatafuta huu?" Emerensia aliinua ufunguo juu. Alikuwa ameuchukua mezani sajini alipokuwa anatukanana na bibi.

"Mtani, nipe, nimechelewa."

"Umekunywa vibuyu vitatu, mimi ndiye niliyechota. Pikipiki yako nimeikamata."

Watu walishangilia. Sajini alitazama kulia na kushoto kutafuta wa kumtetea. Hakuna.

"Mimi ni mtani wako!" alisema.

"Ukinitania mimi, nitakujibu mpaka jua lizame," alisema Emerensia. "Ufunguo huu ni wa kesi. Njoo kesho asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia. Lete leseni, lete bima, na tarehe nitaiangalia."

"Na kichwa cha mbwa!" aliongeza Bi Pogsaa. Alikuwa amekwisha simama, amemshika sajini mkono kama mtoto wake. "Twende, Mfrafra. Basi liko kule. Leo mimi ndiye ninayekulipia nauli."